Mjue mbwa wa zizini anayechunga pamoja na mwanao

Jumamosi asubuhi, katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, kuna msafara ambao kila mwenyeji anaufahamu. Mbele wanatangulia ng'ombe, nyuma yao mbuzi na kondoo wasiotulia. Anayewafuata ni mtoto wa miaka tisa, kumi au kumi na miwili, fimbo begani na chupa ya maji mkononi. Pembeni yake, bila kamba na bila kuitwa, anatembea mbwa.

Mara nyingi mbwa huyo hakununuliwa. Jirani alikuwa na jike aliyezaa, watoto wa kaya wakaenda kuchagua mmoja, wakarudi naye wamemkumbatia. Akapewa jina: Simba, Popi, Jimi, au lile la mafumbo ambalo mwenye nyumba analiita kwa sauti ili jirani fulani asikie ujumbe wake. Watu wa mjini wakimwona wanasema ni mbwa koko tu.

Hata hivyo, kuanzia asubuhi hadi jua linapoelekea kuzama, huyo "koko" ndiye mtu mzima pekee aliyeko na mtoto malishoni. Yeye ndiye wa kwanza kusikia kitu kikitembea vichakani, na ndiye anayejua njia ya kurudi nyumbani hata mtoto akisinzia chini ya mti.

Wazazi wengi wa kifugaji wanajua idadi ya mbuzi wanaotoka zizini na wanaorudi. Ni wachache wanaojua mbwa wao ni wa asili gani, tabia yake ikoje, na lini alichanjwa mara ya mwisho. Hilo la mwisho linaweza kuamua kama mtoto ataishi au la.

Ana ukoo wake

Watu wengi wanaamini kwamba mbwa wa kienyeji ni mchanganyiko wa mabaki ya mbwa wa wazungu walioachwa hapa enzi za ukoloni. Vinasaba vinasema vingine. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliochunguza mbwa wa vijijini kutoka nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Misri, Uganda na Namibia. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya mbwa hao ni wa asili yao wenyewe, tofauti na mbwa wa Ulaya, isipokuwa katika baadhi ya maeneo ambako walichanganyika na mbwa walioletwa na walowezi.

Mbwa hakuanzia Afrika. Mababu zake waliingia bara hili kutoka Mashariki ya Kati, na mifupa ya zamani inayojulikana imepatikana Misri, kwenye bonde la Mto Nile. Kutoka huko wakasambaa kusini wakiwa na watu na mifugo yao, kwa maelfu ya miaka. Wafugaji walifika kaskazini mwa Tanzania zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na moja ya makazi yao ya kale, Luxmanda, liko katika Mkoa wa Manyara.

Kwa hiyo mbwa anayelala mlangoni pa zizi lako ana ukoo mrefu. Hakuna chama kilichoandika vizazi vyake kwenye daftari, wala hakuna aliyemchagulia mume au mke kwa ajili ya rangi ya manyoya. Waliomchagua ni jua, njaa, kupe, fisi na kazi. Aliyeshindwa alikufa kabla ya kuzaa, na aliyebaki ndiye huyu.

Ndiyo maana mbwa wa kienyeji wanafanana kutoka Meatu hadi mbali sana. Wana umbo la wastani, manyoya mafupi, kifua chembamba, miguu mirefu kiasi na mkia unaojikunja kwa juu. Rangi inayoonekana zaidi ni ya mchanga au kahawia, mara nyingi yenye baka jeupe kifuani au miguuni. Mwili wa namna hiyo hupoteza joto kwa urahisi na hautaki chakula kingi.

Kuswaga na kulinda

Duniani mbwa wa mifugo wamegawanyika katika makundi mawili, na mzazi anayefikiria kununua mbwa afadhali ayajue kabla hajatoa fedha.

Kundi la kwanza ni mbwa wa kuswaga. Hawa huzunguka mifugo, huikusanya na kuipeleka mahali mchungaji anapotaka, kwa mluzi au kwa ishara. Maarufu zaidi ni Border Collie wa mpakani mwa Uingereza na Scotland. Karibu Border Collie wote wa leo wana damu ya dume mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer wa Northumberland. Mbwa huyo alisifika kwa kuongoza kondoo kwa utulivu, akiwakazia macho tu badala ya kubweka na kung'ata.

Kuswaga kwake kunatokana na uwindaji. Mbwa mwitu akiwinda hukazia macho, hunyemelea, hufukuza, hukamata, kisha huua. Mbwa wa kuswaga amebakiziwa zile hatua za mwanzo, na za mwisho zimefifishwa kwa kuchagua wazazi vizazi na vizazi. Lakini hamu ya kufukuza iko palepale. Asipokuwa na kondoo wa kuzunguka, atazunguka kuku, pikipiki au watoto wanaokimbia uani, na wengine huwadonoa visigino.

German Shepherd, ambaye huku mitaani wengi humwita "Jamani Shepadi", anatoka katika kundi hilo. Watanzania wengi wanamjua kama mbwa wa polisi, lakini jina lake lina maana ya mchungaji wa Kijerumani. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kuwaendeleza mbwa hao kutokana na mbwa waliokuwa wakichunga kondoo vijijini Ujerumani. Wa kwanza kuandikishwa aliitwa Horand von Grafrath. Viwanda vilipopanuka na uchungaji ukapungua, Stephanitz aliwaelekeza mbwa wake kwenye kazi za polisi na jeshi. Huko ndiko walikopatia umaarufu.

Kundi la pili ni mbwa wa kulinda. Hawa hawaswagi chochote. Wanaishi ndani ya kundi la mifugo tangu wakiwa wadogo, wanatembea nalo, wanalala nalo, na anapotokea adui wanasimama kati yake na mifugo na kubweka. Wanaojulikana zaidi ni wale wa nyanda za Anatolia, Uturuki. Nchini Namibia, mfuko wa kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, ulianza mwaka 1994 kuwagawia wafugaji mbwa hao ili wasiwaue duma kwa kulipiza kisasi. Hapa Tanzania, mbwa wa aina hiyo walijaribiwa kwa wafugaji wanaoishi kandokando ya Hifadhi ya Taifa Ruaha. Botswana walitazama nyumbani kwanza, na wahifadhi wa duma huko wamekuwa wakiwafunza mbwa wa kienyeji wa Kitswana kulinda mbuzi.

Mbwa wa Meatu yuko karibu zaidi na kundi hili la pili. Ukimtazama malishoni hutamwona akizungusha ng'ombe. Kazi ya kuelekeza kundi ni ya mtoto, fimbo yake na mluzi wake. Mbwa anatembea pembeni, anatangulia kidogo, ananusa, anasimama na kusikiliza, anarudi kuangalia kama mtoto yupo. Mgeni asiyejua atadhani anazurura, kumbe anafanya doria.

Kazi yake ni kelele

Doria hiyo ina sababu. Wilaya ya Meatu imepakana na mapori ya wanyama, likiwamo Pori la Akiba la Maswa, ambalo nalo limeungana na Serengeti. Fisi hawahitaji kibali cha kuvuka mpaka. Mwaka 2025 wakazi wa Mkoa wa Simiyu walishuhudia msako wa fisi baada ya mashambulizi dhidi ya watu, wengi wao wakiwa watoto.

Ni vizuri mzazi asimdanganye mtoto hapa. Mbwa mmoja wa kienyeji hawezi kupigana na fisi wawili, na kwa chui mbwa mwenyewe ni chakula. Thamani yake iko kwenye pua na masikio. Anagundua hatari mapema na kupiga kelele, na mnyama aliyekuja kwa kunyemelea akishajua ameonekana mara nyingi huacha. Mtoto anapata muda wa kukusanya mifugo na kuelekea walipo watu wazima.

Kwa hiyo mtoto afundishwe kuusoma mlio wa mbwa wake. Kuna mbweko wa kumkaribisha mtu anayemjua, mbweko wa kumkataza mgeni, na ule mzito wa mfululizo unaoambatana na manyoya ya mgongoni kusimama. Akiusikia huo wa mwisho asisogee kwenda kuona ni nini. Arudi nyuma, aite wenzake, na asikimbie ovyo akiwa peke yake.

Tena, uwepo wa mbwa hauondoi wajibu wa mzazi. Mtoto mdogo kuchunga peke yake karibu na pori ni hatari hata akiwa na mbwa watano. Wachunge wawili wawili, pamoja na mkubwa, na warudi kabla ya giza, kwa sababu usiku ndio wakati wa fisi.

Mpole kwa wa kwao

Kwa tabia, mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri ni mtulivu na mwenye kujitegemea. Hashikamani na mtu kila dakika kama mbwa wa ndani. Anaipenda kaya nzima lakini humchagua mtu wake, na mtu huyo mara nyingi ni mtoto anayempa chakula na kwenda naye malishoni. Kwa mgeni ni mwenye shaka. Atabweka, atarudi nyuma, atabweka tena. Mara nyingi anaogopa kuliko anavyotaka kung'ata.

Tabia hiyo haiji yenyewe. Wataalamu wa tabia za mbwa wanakubaliana kwamba muda muhimu kuliko wote ni tangu wiki ya tatu hadi kama ya 12 au 14 baada ya kuzaliwa. Katika wiki hizo mtoto wa mbwa anajifunza nani ni wa kwao. Akiwaona watoto, mbuzi, kuku na ndama kila siku, bila kuumizwa, atawahesabu wote kuwa familia. Akifungwa gizani au akipigwa mawe wakati huo, atakua na woga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata ghafla.

Hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Wapo wanaoamini mbwa awe mkali lazima apigwe, afungwe kutwa nzima, au alishwe pilipili. Kwa njia hizo unapata mbwa mgonjwa na mwenye hasira asiyeweza kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Pia ni kosa mbele ya sheria, kwa sababu Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, na mbwa ni mmoja wao.

Kumtenga mtoto wa mbwa na mama yake mapema mno nako kuna hasara. Asubiri hadi wiki ya nane. Kwa mama na ndugu zake anajifunza jambo ambalo binadamu hawezi kumfundisha, yaani kung'ata kwa kiasi. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, mchezo unaisha. Akizidi, mama anamkoromea.

Chakula chake si cha gharama. Ugali, vichwa vya dagaa, maziwa kidogo na mabaki ya nyumbani humtosha akipewa kila siku na maji safi. Onyo moja tu. Siku ya kuchinja, usimtupie mbwa maini au mapafu mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji. Ndani yake mna mabuu ya tegu ambao hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yao humfikia mtoto kupitia mikono iliyomshika mbwa na haikunawa. Chemsha vizuri au fukia.

Je, ununue "Shepadi"?

Baadhi ya wazazi wanaofanikiwa kibiashara hutamani mbwa wa kizungu. Hakuna ubaya, ila hesabu ifanyike kabla ya mbwa kufika.

German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili yaliyoumbwa kwa baridi, na Meatu ni nchi ya jua na ukame. Anakula mara mbili au zaidi ya mbwa wa kienyeji. Uzao wake una tatizo linalojulikana la nyonga, hasa kwa waliozalishwa bila uangalifu. Magonjwa yanayoenezwa na kupe, na yale ya ndorobo kwa wanaoishi karibu na mapori, humkuta bila mazoea ya mazingira haya. Tena ni mbwa mwenye akili anayehitaji mafunzo na kazi kila siku. Ukimfungia bandani kutwa na kumfungulia usiku tu, umenunua mbwa wa gharama kisha ukamwondolea akili yake.

Kwa kaya ya wafugaji, mtoto wa mbwa wa kienyeji mwenye afya, kutoka kwa mama mtulivu anayekwenda malishoni, ana nafasi nzuri zaidi ya kuifanya kazi inayohitajika. Mchunguze mama kwanza. Akikukaribia bila woga ukiwa na mwenyeji wake, ni dalili njema. Akijificha au akitaka kukurarua hata mwenyeji akiwapo, tafuta kwingine.

Vyovyote utakavyochagua, sheria za watoto ni zilezile: wasimguse mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha, wasimvute mkia wala masikio, wasimkimbie mbwa wasiyemjua, na mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe na mbwa peke yake hata kama mbwa ni mpole kiasi gani.

"Mama, nimechomwa na mwiba"

Yote hayo ni bure kama mbwa hajachanjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na kwamba katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote hupata ugonjwa kwa mbwa. Kwa Tanzania hukadiriwa vifo kama 1,500 kwa mwaka.

Watoto wako mbele katika hesabu hiyo kwa sababu wao ndio wanaokaa na mbwa. Ni wafupi, hivyo meno huwapata usoni na mikononi. Na kuna sababu nyingine ambayo wazazi hawaifikirii: watoto huficha.

Mtoto anayechunga ana mambo mengi ya kuogopa jioni. Anaogopa kuulizwa kwa nini mbuzi mmoja hayupo, na anaogopa kusemwa kwamba alikuwa anacheza. Zaidi ya yote, anaogopa kwamba akisema mbwa wake amemng'ata, baba atachukua rungu na mbwa atakufa usiku huohuo. Kwa hiyo anaosha damu lambo, anashusha suruali juu ya kidonda, na akiulizwa kwa nini anachechemea anajibu, "Mama, nimechomwa na mwiba."

Kidonda kinapona, na nyumbani wote wanasahau. Lakini virusi vinatambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Huanza homa, kisha kuwashwa pale palipong'atwa, kisha woga, kushtuka, kushindwa kumeza maji. Dalili zikishaanza, hakuna hospitali duniani inayoweza kuahidi tiba. Karibu wote hufa.

Kabla ya dalili, ugonjwa huohuo unazuilika, na hatua ya kwanza iko nyumbani kwako. Osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa na si kwa kukisia. Usipake samli, mafuta, majani wala unga wa betri. Kisha mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa amelamba tu mahali palipochubuka.

Chanjo ya mtu aliyeng'atwa hutolewa kwa dozi kadhaa, ya kwanza mapema iwezekanavyo, nyingine siku ya tatu, ya saba na kuendelea kama mganga atakavyopanga. Kwa majeraha makubwa anaweza kuongeza dawa ya kinga inayowekwa kwenye jeraha lenyewe. Usiache katikati kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Ni lazima aonekane mzima, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya kuwahi.

Na mbwa? Kama ni wa kwenu na hana dalili, usimuue. Mfunge mahali salama na umjulishe ofisa mifugo. Akiwa bado mzima baada ya siku kumi, hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata. Ukimuua na kumfukia umepoteza ushahidi. Lakini matibabu ya mtoto yasisubiri siku hizo kumi.

Dalili za mbwa mwenye kichaa si kutokwa povu tu. Anayekuwa mpole ghafla anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole na kujificha. Hula vijiti na mawe. Sauti hubadilika, taya hulegea, hatembei sawasawa. Ng'ombe naye huugua: hulia ovyo, hutoa mate mengi, na wengi hudhani amekwamwa na kitu kooni wakamwingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo.

Sindano moja kwa mwaka

Kinga ya kudumu iko kwa mbwa. Uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, mnyororo wa kichaa hukatika. Tanzania yenyewe ina ushahidi. Katika kisiwa cha Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliumaliza ugonjwa huo. Mwaka 2016 uliporudi, ukapigwa tena na kufikia 2018 ulikuwa umetoweka.

Upande wa Bara, vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Serengeti vimekuwa vikifikiwa na kampeni za chanjo kwa miaka mingi, na faida haiishii kwa watu. Mwaka 1994 ugonjwa wa homa ya mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, wapatao 1,000, na waliohusishwa na chanzo chake ni mbwa wa vijijini. Watafiti wakaonyesha pia kwamba chanjo ya kichaa inastahimili joto la nyuzi 25 kwa miezi sita bila kuharibika, na mkoani Mara ikajaribiwa kuhifadhiwa vijijini kwenye vyungu vya kupoza, bila jokofu.

Siku ya chanjo, wanaoonekana kwenye foleni na mbwa mara nyingi ni watoto, kamba za katani mikononi, wakiwabembeleza Simba na Popi wasigombane. Mbwa anamfuata anayemwamini. Mzazi asimtume mtoto tu, aende naye. Akamsaidie kumshika mbwa vizuri, achukue kadi, aiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, hata kabla ya hapo kama kampeni imefika, kisha kila mwaka. Tarehe ya kukumbuka ni Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa heshima ya Mfaransa Louis Pasteur, aliyefariki Septemba 28, 1895. Miaka kumi kabla yake, Julai 1885, alipelekewa mvulana wa kijijini aliyeng'atwa na mbwa mara nyingi. Aliitwa Joseph Meister, na alikuwa na miaka tisa, sawa na wachungaji wengi wa Meatu. Alikuwa wa kwanza kupewa chanjo ya Pasteur baada ya kung'atwa, na aliishi hadi utu uzima. Pasteur ndiye anayekumbukwa, lakini mtoto huyo alipona pia kwa sababu ya mama yake, ambaye hakusubiri. Alimchukua mwanawe na kusafiri naye hadi Paris, akafika siku mbili tu baada ya mtoto kung'atwa.

Kutoka vijijini hadi Mwanhuzi si mbali kama Paris. Kinachochelewesha ni ukimya wa mtoto, na ukimya huo unavunjwa nyumbani, kabla ya tukio. Mwambie mwanao leo, mbele ya mbwa wake: ukig'atwa au ukikwaruzwa, njoo useme. Hutapigwa, wala mbwa hatauawa kwa sababu umesema. Kisha jioni mifugo ikirudi, ukimaliza kuhesabu mbuzi, mtazame na mtoto: miguu, mikono, uso.